Kuunganisha maktaba ya kidijitali na kozi za Moodle

Usipakue PDF kutoka maktaba kisha ukaipakia kwenye kozi yako ya Moodle (mfumo wa kufundishia mtandaoni). Maktaba ikiweka toleo lililosahihishwa, wanafunzi wako wataendelea kusoma la zamani. Usomaji wao hauingii kwenye takwimu za maktaba, na kwa majarida ya kulipia, kupakia nakala hivyo mara nyingi hukiuka leseni. Weka kiungo.

Ila si kila kiungo kinafaa. Kwenye DSpace, programu inayotumiwa na maktaba nyingi za kidijitali, ukifungua faili, anwani unayoiona kwenye kivinjari ni ya faili hilo tu, na muundo wa anwani hizo ulibadilika kati ya toleo la 6 na la 7. Nakili anwani ya kudumu iliyo kwenye ukurasa wa maelezo ya andiko, inayoanza na https://hdl.handle.net/ au https://doi.org/. Ukikuta hdl.handle.net/123456789, ishia hapo: namba hiyo ni ya mfano, huja na DSpace, na kiungo chake hakifiki popote. Msimamizi wa maktaba asajili namba halisi kwanza, kabla kozi hazijajaa viungo vibovu.

Kwenye Moodle, washa uhariri, ongeza nyenzo ya aina ya URL, bandika anwani, kisha chagua ifunguke katika dirisha jipya. Ukiipachika ndani ya ukurasa, mwanafunzi anaweza kuona boksi tupu, maana seva nyingi haziruhusu kurasa zake zionyeshwe ndani ya tovuti nyingine.

Kwa majarida ya kulipia, iulize maktaba anwani ya proksi yake, yaani seva inayomthibitisha msomaji aliye nje ya chuo. Kwa kawaida huishia na login?url=. Itangulize mbele ya kiungo. Bila hiyo, aliye nje ya chuo ataombwa alipie.

Mfumo wa maktaba ukikubali LTI 1.3, kiwango cha kuunganisha mifumo ya kujifunzia na zana za nje (Moodle inaikubali tangu toleo la 3.7), mwanafunzi haingii mara mbili. Pande zote mbili hupeana anwani ya jukwaa, namba ya mteja, namba ya usakinishaji, anwani ya funguo za umma, ya kuanzisha kuingia na ya kurejea. Zinakili, usizichape kwa mkono: mkwaju (/) mmoja ukizidi, muunganisho unakataliwa. Kila kitu kikiwa sahihi na bado inagoma, kagua saa za seva. Tokeni, yaani ujumbe unaomthibitisha mwanafunzi kwa mfumo wa pili, huishi muda mfupi sana, na seva iliyochelewa kwa dakika chache huiona batili. Washa NTP, huduma ya kusawazisha saa kupitia mtandao, pande zote mbili.

Jaribu kwa akaunti ya mwanafunzi, kwenye dirisha la faragha, ukitumia data ya simu. Akaunti ya mwalimu iliyo kwenye mtandao wa chuo hufungua karibu kila kitu, hata kile ambacho darasa zima haliwezi kukiona.