Somo: Mapitio ya kimfumo ya machapisho katika uhandisi wa programu

Sura za pili za tasnifu nyingi, zile za mapitio ya machapisho, ni makala zilizookotwa kwa sababu zinamuunga mkono mwandishi. Mapitio ya kimfumo yanakubana: mwenzako akifuata njia uliyoiandika, afike kwenye makala zilezile. Barbara Kitchenham, mtafiti wa uhandisi wa programu, aliyachukua kutoka fani ya tiba mwaka 2004. Mwongozo wa 2007, wa kwake na Stuart Charters, bado ndio msingi.

1. Andika itifaki, yaani mpango wa mapitio yako, kabla ya kutafuta. Swali liwe finyu: "Ni mbinu gani za kupima usalama wa programu za pesa za simu zimejaribiwa kwa data halisi?" "Hali ya pesa za simu Uganda" si swali.

2. Unda fomula ya utafutaji: OR ("au") kati ya visawe, AND ("na") kati ya dhana. Wengi huanguka hapa. Ukiandika "mobile money" tu, makala za "mobile wallet" na "mobile payment" zinakupita. Teua kwanza makala kama kumi unazozijua. Fomula isipoinasa mojawapo, fungua makala hiyo, soma maneno yake muhimu, urekebishe fomula.

3. Tafuta kwenye hifadhidata za makala: IEEE Xplore, ACM Digital Library na Scopus. Sintaksia zao hazifanani, basi hifadhi kila fomula, tarehe na idadi ya matokeo. Google Scholar huishia matokeo 1000. Isiwe chanzo pekee.

4. Ondoa nakala zilizojirudia kwa Zotero, programu ya kutunza marejeo, chuja kwa kichwa na ikisiri (muhtasari wa makala), ndipo usome makala nzima. Unayoitupa baada ya kuisoma yote, andika sababu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, tunachuja wawili, tumekubaliana kwa makala 90 kati ya 100. Mbona kappa ni 0.44?*
Kappa hupima makubaliano yanayozidi yale ya bahati. Bila shaka kila mmoja alikataa 90. Kwa bahati tu mngekubaliana kwa 82. Tazameni zile mlizokubali: kila mmoja 10, za pamoja 5 tu. Vigezo vyenu vina utata. Viandikeni upya, mjaribu sampuli nyingine.

*Na mimi niko peke yangu, Mbarara?*
Rudia kuchuja sampuli ya nasibu bila kutazama uamuzi wa kwanza, ulinganishe. Zenye utata mpelekee msimamizi.

*Nikiwa nyumbani makala zinadai malipo.*
Usilipe, ndugu. Vyuo vyetu hupata majarida kupitia CUUL, muungano wa maktaba za vyuo vikuu vya Uganda. Mwombe mkutubi namna ya kuingia ukiwa nje ya chuo.