Piki ya umeme Malindi: piga hesabu kabla hujatoa pesa

Kila tarehe 14 EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta na stima, wakitangaza bei ya mafuta lazima kuna mtu wa steji atanivuta pembeni aniulize, kaka hizi piki za stima zalipa kweli ama ni kuibiana tu. Jibu langu huwa yategemea wewe wazunguka wapi, kwa hivyo usianze na bei ya piki, anza na kijitabu.

Wiki nzima andika kilomita za kila siku na mafuta uliyotia. Usikisie, angalia mita ukitoka asubuhi na ukirudi usiku (kama mita ilikufa zamani kama za wengi wetu, tumia simu). Mtu wa Maweni, Shella, Casuarina na sokoni anaweza kukuta 70 hivi, lakini yule wa kupeleka watu Watamu ama Marereni hesabu yake ni nyingine kabisa.

Halafu betri. Soma volti na ampia zilizoandikwa, zidisha, gawa kwa 1000, hizo ndio uniti za stima (kWh). 72 mara 40 ni 2880, karibu uniti 3. Piki ya abiria hula kama uniti 4 kwa kilomita 100, basi betri hiyo itakufikisha kama 70, na ukibeba mtu na gunia lake la nazi huku kusi yakupiga uso, toa kumi.

Sasa linganisha. Kilomita 100 kwa petroli tuseme lita mbili na nusu, lita moja shilingi 180, hiyo ni 450. Kwa stima weka uniti 5 sababu chaja nayo hupoteza kwa joto, uniti moja ya tokeni tuseme shilingi 30, ni 150. Tamu, eh? Lakini kama piki ni ya mkopo wa kulipa kila siku, toa hiyo kwanza ndio uone unabaki na nini.

Swali linalouma watu ni hili: betri ni ya nani? Kuna za kununua na betri yake, na kuna zile betri ni ya kampuni wewe wabadilisha tu kituoni. Jamaa wa steji yetu alichukua ya kubadilisha, kituo kilikuwa kimoja tu, siku moja akakikuta kimefungwa, akaisukuma piki mpaka kwao na jua la saa saba. Uliza vituo viko wapi na vyafunga saa ngapi, usiulize rangi.

Ukichaji nyumbani, chaja ya ampia 10 itachukua saa 4 na kitu, na hula stima kama pasi, kwa hivyo ongea na mwenye nyumba mapema, weka mita ndogo yako, na usitumie eksitensheni ya kuchajia simu. Mwaka 2023 EPRA waliweka bei maalum ya kuchajia vyombo vya usafiri vya stima, shilingi 16 kwa uniti na 8 saa za stima kutumika kidogo, kabla ya kodi na makato, ila yataka mita ya peke yake, bora mfanye steji nzima pamoja.

Sola? Jua la kwetu si la kuuliza, hata Langobaya kumewekwa mtambo mkubwa. Shida ni kwamba jua likiwaka wewe uko barabarani na betri yako, lazima uwe na ya pili nyumbani na paneli mbili kubwa. Kwa mmoja ni ghali.

Chumvi ya bahari hula vichwa vya waya, paka grisi, na usioshe na pampu ya presha. Betri ikiwa moto iache ipoe kwanza ndio uchaji.

Na ukinunua ya mtu, ijaze pomoni, nenda Gede urudi. Hizo ni kama kilomita 30. Betri ya uniti 3 yafaa irudi na nusu hivi, ikirudi na thelathini kwa mia ujue imechoka, mwambie akutolee bei ya betri mpya.