Ratiba ya wiki itoshee kwenye SMS moja

Walimu wenzangu wa Gredi ya 7 hadi 9 hapa Mombasa, wanafunzi wakiwa zamu shuleni zamu nyumbani, msitegemee grupu la WhatsApp peke yake. Mzazi wa Likoni mwenye kabambe, simu ya vitufe, haoni PDF yenu, na mwenye simu janja huenda bando limekwisha tangu Ijumaa. SMS ya kawaida humfikia bila bando.

Tumeni moja kila Jumapili baada ya Isha, saa ile ile, isizidi herufi 160 ili isikatwe vipande:

“Gredi 8: J3 na J4 shuleni saa 1.30 asubuhi. J5 nyumbani: Hisabati uk. 42, daftarini. Swali? Piga saa 10 jioni.”

Basi. Maelezo marefu yaende grupuni. Mzazi asiyejua kusoma vizuri apigiwe simu, kwa heshima, bila kumtaja mbele ya wengine. Hilo naliona muhimu kuliko yote. Na msimwachie mtoto kupeleka habari: wa miaka 13 husahau, na pengine huamua kusahau. Ratiba ikibadilika katikati ya wiki, anzeni na neno “MABADILIKO”.