Maji ya ng'onda mwaga, ya mbaazi bakiza: jiko la mwenye presha

Mama mkubwa wangu wa Mikindani alipimwa presha akakutwa na 170 kwa 100, akapewa dawa akaambiwa apunguze chumvi, basi, hakuna aliyemuuliza nyumbani anakula nini. Akarudi, kopo la chumvi akalifungia kabatini, mboga anapika chapwa kabisa, alaf jioni anabandika ng'onda, yaani samaki aliyekaushwa kwa chumvi. Miezi miwili presha iko palepale na yeye ashaanza kuona dawa hazimfai. Siku nimeenda kumsalimia nikamshika yule ng'onda mkononi, chumvi imeganda kwenye mashavu ya samaki, nyeupe, ukikwangua na ukucha inadondoka kama mchanga.

Iko hivi. Kwenye chumvi kuna madini ya sodiamu, na sodiamu inazuia maji yasitoke mwilini, maji yakizidi kwenye mishipa moyo unasukuma kwa nguvu zaidi, mishipa inakakamaa, miaka inaenda hivohivo mpaka siku moja mtu anaamka upande mmoja hausogei. Potasiamu inafanya kinyume, inasaidia figo kuitoa sodiamu kwenye mkojo na inalegeza mishipa. Kwaiyo kupunguza chumvi peke yake ni nusu ya kazi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, bapa sio kile cha mlima, na potasiamu apate angalau miligramu 3,510.

Anza na pakiti. Siku unafungua chumvi ya nusu kilo andika tarehe juu yake kwa kalamu. Nyumba ya watu wazima wanne inatakiwa ivuke siku 25, ikiisha kwa wiki mbili mjue mnakula karibu mara mbili ya kipimo, na hapo hujahesabu ng'onda, mkate, vidonge vya supu wala magadi. Magadi watu wengi wanayasahau, nayo ni sodiamu, ukitia kwenye mlenda au mbaazi umeongeza kilekile unachokikimbia. Mbaazi loweka usiku kucha zitaiva tu. Na usije ukahamia chumvi ghafi ya mashambani ukidhani ni nyepesi, sodiamu ni ileile alafu haina madini joto.

Sasa ng'onda, maana mtu wa pwani huwezi kumwambia aache akakusikia. Mkate vipande vidogo, msugue kwa maji mpaka zile punje zitoke, mloweke kwenye maji mengi masaa manne matano ukibadilisha maji mara mbili tatu, mchemshe kidogo na maji yake mwaga yote. Onja kipande, kama bado kinauma ulimi chemsha tena. Ndo umuunge na nyanya, kitunguu, ukwaju au ndimu na tui jepesi, bila kuongeza chumvi hata punje. Hata hivyo haitoki yote, kwaiyo awe wa mara moja kwa wiki, siku zingine kula samaki mbichi.

Kwenye mbaazi na mboga geuza. Potasiamu nayo inatokea kwenye maji ya kuchemshia, ukiyamwaga umeimwaga. Mbaazi mchuzi wake bakiza, mchicha na majani ya maboga pika kwa maji kidogo, funika, usikamue. Ndizi mbivu moja ya wastani ina potasiamu kama miligramu 400, na madafu, machungwa na viazi vitamu navyo vinayo, ni vyakula vyetu vya kila siku hapa kusini.

Korosho zina magnesiamu, nayo inasaidia mishipa kulegea, kwenye gramu 100 ziko karibu miligramu 290. Kiganja kimoja kwa siku kinatosha kwasababu zinanenepesha. Ila zile za stendi lamba kwanza, nyingi zimetiwa chumvi, bora ununue zilizobanguliwa ukaange mwenyewe. Kalsiamu utaipata kwa dagaa waliokaushwa bila chumvi, unawala na mifupa yao.

Hapa naomba unisome taratibu. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze potasiamu wala asinunue ile chumvi mbadala yenye potasiamu mpaka aongee na daktari, na anayekunywa dawa za presha kama losartan, enalapril au spironolactone aulize kwanza, maana hizo dawa zinabakiza potasiamu mwilini na ikizidi mapigo ya moyo yanaharibika. Na dawa usiache kisa umebadilisha mapishi, mama mkubwa vidonge vyake bado anameza kila siku, ng'onda ameihamishia Ijumaa.