Upepo wa tairi za pikapu, usisome ubavuni mwa tairi

Wenye pikapu za mizigo, hebu fungua mlango wa dereva ucheki pale kwenye nguzo, kuna stika imeandikwa upepo wa mbele na wa nyuma, na mara nyingi wa nyuma unakuta namba mbili, gari tupu na gari ikiwa na mzigo. Hiyo ndo ya kufuata. Ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni mwisho wa uwezo wake, sio ya kujazia, ila jamaa wa pancha wengi wanakujazia hiyohiyo halafu ukiwa tupu gari inarukaruka nyuma kama mbuzi na tairi inalika katikati. Ukiwa na upepo kidogo na umepakia mifuko 15 ya saruji ndo mbaya zaidi, inalika pembeni, inachemka, inakupasukia njiani. Pima asubuhi kabla hujatembea, maana ukitoka Chalinze mpaka Moro na jua lile geji inaweza kusoma PSI 4 au 5 zaidi, usipunguze! Ikipoa utajikuta uko chini. Mi natembea na geji yangu, za vituoni nyingine zinadanganya balaa. Ukishusha mzigo punguza, tairi zikishapoa lakini.