Namna ya kuwasaidia vijana maisha yakikaza, kwa njia ya Eleanor Roosevelt

Uchumi ukianguka vijana ndo wanaumia mapema, na sisi tukitaka kuwasaidia tunakimbilia kuwapa hela ya leo, kesho hamna. Mi naona ni bora uige alichofanya Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa Marekani, miaka ya 1930, kipindi ambacho vijana kibao waliacha shule wakawa wanadandia treni za mizigo kusaka vibarua.

Anza kwa kuwasikiliza wenyewe. Mwaka 1933 peke yake huyu mama alipokea barua kama laki tatu, na watoto walikuwemo, mwingine anaomba tu koti lililochakaa au viatu ili aweze kwenda darasani. Ukisoma vitu kama hivyo huwezi tena kusema vijana ni wavivu.

Halafu tafuta mlango wa mwenye uamuzi, hapa ndo penyewe hasa. Harry Hopkins na Aubrey Williams, maofisa wa serikali waliosimamia misaada kwa wasio na kazi, walikuwa na wazo la mpango wa vijana ila waliogopa litamchafua rais kisiasa, wakampelekea Eleanor. Hakukurupuka, alisubiri usiku akaingia chumbani kwa mumewe kabla hajalala, akamweleza wazo na ubaya wake wa kisiasa pia, hakumficha kitu. Rais akauliza kama ni jambo jema kwa vijana, basi, akakubali. Na wewe ukienda kwa mkubwa chagua muda katulia, na umwambie hasara zake mapema asije akazisikia kwa wengine.

Tarehe 26 Juni 1935 mpango ukaanza, National Youth Administration, wa vijana wa miaka 16 hadi 25. Igeni hiki: mwanafunzi hakulipwa bure, alifanya kazi ndogo maktaba, ofisini au maabara, wa sekondari alipata hadi dola 6 kwa mwezi na akabaki shule. Walioshaacha shule walipewa kazi za ujenzi na mafunzo ya ufundi.

Angalia pia nani kasahaulika. Kitengo cha vijana weusi aliongoza Mary McLeod Bethune, rafiki yake Eleanor, maana bila mtu wao ndani wangeachwa nyuma kama kawaida.

Mwisho nenda site mwenyewe kama alivyofanya yeye, uongee na vijana wakiwa kazini, usingoje ripoti.