Somo: Kupima malaria nyumbani kwa mgonjwa, mbali na zahanati

Ndugu wahudumu wa afya ya jamii, nimeulizwa mara nyingi mno: kipimo cha haraka cha malaria kikionyesha mstari hafifu, ni malaria au si malaria? Naandika jibu lake hapa pamoja na hatua zote, ili atakayeuliza tena aanzie hapa.

1. Tafuta kwanza dalili za hatari: degedege, kupoteza fahamu, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya au kunywa. Ukikuta hata moja, safari ya kituo cha afya ianze kupangwa saa hiyohiyo.

2. Vaa glavu, soma tarehe ya mwisho ya matumizi, na usifungue pakiti mapema, kwa kuwa unyevu huharibu kipimo.

3. Safisha kidole kwa spiriti, kiache kikauke, kitoboe, kisha weka damu na matone ya kimiminika kama maelekezo yasemavyo. Sindano iingie kwenye kisanduku chake papo hapo.

4. Andika saa, usubiri. Hapa ndipo nilipokosea. Jioni moja nilimpima mtoto ndani ya nyumba yenye giza, nikiwa na haraka ya kuteremka mlima kabla ya usiku. Kipimo kilitaka dakika 15. Mimi nilikisoma baada ya dakika kama 7 kwa mwanga wa simu, nikaona mstari wa C peke yake, ule unaothibitisha kwamba kipimo kinafanya kazi, nikamwambia mama yake kwamba si malaria. Nilipofika bondeni nilikitazama tena, na penye T, mahali pa mstari wa malaria, palikuwa na mstari wa waridi, mwembamba kama alama ya kalamu iliyofutwa. Hata huo sikuweza kuuamini, kwa sababu kipimo kilichopitiliza muda huweza kuonyesha mstari wa uongo. Nilipanda tena usiku ule, nikapima upya, nikasubiri dakika zote. Mtoto alikuwa na malaria.

Kwa hiyo usisome kabla ya muda ulioandikwa wala baada yake, na usome penye mwanga wa kutosha. Mstari wa T, hata ukiwa hafifu, ni malaria, mradi wa C upo. C isipoonekana, kipimo hicho hakifai, chukua kingine.

5. Ikiwa ni malaria isiyo kali, toa dawa mseto. Ile ya artemether na lumefantrine hunywewa jumla ya mara 6 ndani ya siku 3, kwa uzito wa mgonjwa, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Dozi ya kwanza inywewe mbele yako, na akitapika ndani ya saa moja, irudiwe. Ya pili hufuata zikipita saa 8, na hapo chunga ulimi wako: ukisema "saa nane", mzazi atasikia saa nane ya mchana. Hesabu naye: "Sasa ni saa nne asubuhi, nyingine ni saa kumi na mbili jioni."

MASWALI

Swali: Mstari ukiwa hafifu sana je?
Jibu: Hatua ya 4. Isome yote.

Swali: Homa ikishuka siku ya pili, dawa zilizobaki zitunzwe?
Jibu: Hapana. Zimalizwe zote.

Swali: Mwalimu, mgonjwa alimaliza dawa siku 10 zilizopita na amepona, lakini kipimo bado kinaonyesha malaria. Kwa nini?
Jibu: Umeuliza vizuri, dada. Vipimo vingi hutafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2, ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Homa ikirudi, apelekwe akapimwe kwa hadubini.

Swali: Kwa nini huku juu mlimani hata watu wazima huzidiwa na malaria?
Jibu: Penye baridi ya chini ya nyuzi 18 hivi, kimelea cha malaria kiitwacho falsiparamu hakikomai ndani ya mbu, kwa hiyo wengi hukua bila kinga. Joto likipanda, au mtu akishuka bondeni na kurudi, ugonjwa humkuta mwili haujauzoea. Kila mwenye homa muulize alikolala wiki chache zilizopita.

Swali: Na vipimo vyenyewe vibebwe vipi njiani?
Jibu: Havitaki joto linalozidi lile lililoandikwa kwenye pakiti. Vifunge kwa kitambaa katikati ya mkoba, na ukipumzika, mkoba uuweke kivulini.